Nilimeza P2, nikatoka damu kidogo, kipimo kikasoma mstari mmoja: nina mimba au sina?

"Shikamoo nesi. Mi ni mama wa mtoto mmoja, ana mwaka na miezi mitatu na bado ananyonya, niko Dar. Siku zangu zilirudi mtoto akiwa na miezi tisa na huwa zinakuja kila baada ya siku 28 mpaka 30. Mwezi uliopita niliingia tarehe 2. Tarehe 16 usiku kondomu ikapasuka, kesho yake jioni nikameza P2, zile dawa za dharura za kuzuia mimba, vidonge vyote viwili. Tarehe 26 na 27 nikatoka damu kidogo ya kahawia, hata pedi haikujaa, nikajua ndo nimeingia mapema. Tarehe 28 roho haijatulia nikanunua kipimo, nikapima jioni, mstari mmoja. Nikakiacha dirishani, usiku naenda kukitupa naona kama kuna mstari wa pili umefifia sana. Leo tarehe 6. Chuchu zinauma mpaka mtoto akishika ziwa naruka. Nakaanga vitumbua vya kuuza asubuhi lakini wiki hii mafuta yakipata moto tu nataka kutapika, usiku naamka kukojoa mara tatu, na mwili una joto kama homa ya ndani. Duka la dawa walinipa ALU bila kunipima nimemaliza, na cipro ya UTI bado sijaianza. Mama mkwe kaniangalia shingoni akasema tayari. Jirani ananiambia nipime kwa chumvi. Mtoto naye ameanza kusumbua kunyonya, wanasema nimembemenda. Nesi, hii ni mimba au ni P2 inanisumbua? Na kama ni mimba, hiyo P2 haijamdhuru?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa hizo siku za wasiwasi, na nashukuru umeweka tarehe mana tarehe zako zitatusaidia kuliko dalili zote ulizotaja. Wengi wananiandikia "nasikia kichefuchefu na kizunguzungu je nina mimba", hapo hata mimi mkunga wa miaka mingi sina cha kujibu. Wewe umenipa siku uliyoingia, siku kondomu ilipopasuka, siku uliyomeza dawa na siku uliyopima, kwa hiyo tunaweza kukaa tukahesabu.

Tuanze na ile damu ya tarehe 26, mi siihesabu kama hedhi na wewe usiihesabu. Imekuja siku ya 25 ya mzunguko, ilikuwa kahawia, siku mbili, pedi haikujaa, na mwenyewe unajua siku zako huwa haziko hivo. Kuna sababu mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni P2 yenyewe, ina homoni nyingi kwa mara moja na ikishaisha mwilini ukuta wa mfuko wa uzazi unaweza kubomoka kidogo ukatoa matone, alafu hedhi yenyewe ikaja mapema au ikachelewa, mara nyingi haizidi wiki moja huku wala huku. Ya pili ni mimba changa inayojishikiza, nayo kwa baadhi ya wanawake inatoa damu kidogo sana ya kahawia au pinki. Tarehe zako zinakubali zote mbili! Ukiniuliza ni ipi kwa kuangalia rangi tu sitakudanganya, haijulikani, na anayekuambia rangi fulani ndo ya mimba anabahatisha.

Kwanini nang'ang'ania hapo, ni kwa sababu kama ungeihesabu ile damu kama hedhi ungejiona bado uko mapema, ungesubiri mpaka mwisho wa mwezi huu ndo uanze kushtuka. Kliniki tunaliona sana hili, mama anakuja anasema mimba ina miezi miwili, anapigwa altrasaundi inasoma mitatu, kumbe alihesabu kuanzia damu ya katikati. Wewe hesabu kuanzia tarehe 2. Mwezi uliopita ulikuwa na siku 31, kwa hiyo leo tarehe 6 zimetimia siku 35 tangu ulipoingia. Ulitakiwa kuingia kati ya tarehe 30 na tarehe 1, maana yake umechelewa siku tano mpaka saba. Na tangu usiku ule wa kondomu leo zinatimia siku 21, hiyo namba 21 ishike tutaitumia.

Sasa P2. Watu wengi wanadhani inaingia inaua mimba, sivyo kabisa. Kazi yake ni kuchelewesha yai lisitoke kwenye ovari, ili mbegu za kiume zinazoweza kuishi humo ndani mpaka siku tano zisubiri weee mpaka zife bila kukutana na kitu. Yai likishatoka P2 haina tena cha kuzuia. Kwa mzunguko wa siku 28 mpaka 30 yai lako linategemewa kutoka siku kama ya 14 mpaka ya 16, na tarehe 16 ulikuwa siku ya 15, yani ulikuwa katikati ya siku za hatari zenyewe. Ulimeza ndani ya saa 72 kama inavyotakiwa, hujakosea chochote, ila inawezekana kabisa yai lilishatoka kabla kidonge hakijaanza kazi. Kuna pia vitu vinavyoipunguza nguvu kama dawa za TB zenye rifampisini, baadhi ya dawa za kifafa na efavirenzi, kama upo kwenye mojawapo mwambie nesi wako ajue.

Na lile swali lako la mwisho nakujibu hapa hapa mana naona ndo linalokunyima usingizi. P2 haitoi mimba iliyokwishatunga na haimdhuru mtoto. Wapo wanawake waliomeza wakiwa tayari wana mimba bila kujua au dawa ikafeli, wamefuatiliwa na watoto wao hawakuonekana kuwa na kasoro zaidi ya watoto wengine. Hiyo hofu itoe kichwani.

Tuje kwenye kipimo. Yai likikutana na mbegu halishiki siku hiyo hiyo, linasafiri kwenye mrija kwanza, alafu kati ya siku ya 6 na ya 12, kwa wengi siku ya 8 mpaka ya 10, ndo linajichimbia kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Hapo ndo inaanza kuingia kwenye damu ile homoni ya mimba inaitwa hCG, na kutoka kwenye damu inashuka kwenye mkojo. Kabla ya hapo hata ungepima mara kumi kwa siku hakuna kitu cha kupimwa. Mwanzoni inakuwa kidogo sana, inazidi mara mbili kila baada ya siku mbili mpaka tatu hivi, na vipimo vingi vya mkojo tunavyotumia vinaanza kuiona ikifika kiwango cha 25. Sasa tuseme ilijishikiza tarehe 26, tarehe 28 ingekuwa pengine 5 au 10, kipimo lazima kisome mstari mmoja hata kama mimba ipo! Kwa hiyo lile jibu la kwanza lifute, halisemi huna mimba, linasema ulipima mapema.

Na ule mstari uliouona usiku nao ufute. Kipimo kinasomwa ndani ya dakika zilizoandikwa kwenye pakiti, nyingi ni dakika tatu mpaka tano, ikipita kumi hakisomwi tena kinatupwa. Kikikaa mkojo unakauka unaacha alama ya kijivu kijivu pale mstari wa pili ulipotakiwa kuwa, ndo hiyo inayowaliza watu usiku wa manane wengine kwa furaha wengine kwa hofu. Haimaanishi ndio wala hapana.

Kesho asubuhi pima upya, ni zaidi ya wiki tatu tangu tendo na huo ndo muda ambao kipimo cha mkojo kinaaminika hata kwa mtu ambaye siku zake zimevurugwa na P2. Nunua kipya, angalia tarehe ya kuisha muda na pakiti uifungue muda huo huo wa kupima. Huwa tunasema mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa sababu umekaa usiku kucha umekolea, ila wewe unaamka mara tatu, kwa hiyo jitahidi ule wa alfajiri uwe umekaa kibofuni kwa muda wa saa nne hivi na usinywe maji mengi kabla. Chovya mwisho kwenye ule mstari wa alama usiuvuke, kilaze mahali pa tambarare, washa saa ya simu. Mstari wa C lazima utokee, usipotokea kipimo ni kibovu tafuta kingine. Mstari wa T ukitokea ndani ya muda na una rangi, hata kama umefifia, hesabu ni mimba. Kufifia maana yake homoni bado ni kidogo, haimaanishi mimba nusu. P2, ALU, cipro wala kunyonyesha haviwezi kukipotosha.

Chumvi achana nayo, na sukari, na dawa ya meno pia. Nimeshaona mama kaja na glasi kabisa kunionyesha mapovu. Dawa nyingi za meno zina chokaa ndani, mkojo ukiwa na asidi kidogo lazima zitoe povu, hata mkojo wa baba mwenye nyumba utatoa povu. Chumvi nayo inaganda kutegemea mkojo umekolea kiasi gani na umekunywa maji kiasi gani. Hakuna hata kimoja kinachoigusa hCG.

Sasa dalili zenyewe, na hapa naomba usome taratibu mana ndo kiini cha mkanganyiko wako wote. Yai likitoka, pale lilipotoka kwenye ovari panabaki kifuko kidogo kinachotengeneza homoni inaitwa projesteroni. Kinaitengeneza kila mwezi, uwe na mimba au usiwe nayo. Kama hakuna mimba kifuko kinakufa baada ya siku kama 14, projesteroni inashuka, hedhi inakuja. Kama mimba ipo, ile hCG inakiambia kifuko kiendelee na kazi na projesteroni inabaki juu. Na projesteroni hiyo hiyo ndo inayojaza matiti, inayolegeza utumbo tumbo likajaa gesi, inayoleta usingizi na uchovu, inayopandisha joto la mwili. Unaona sasa? Dalili za mtu anayekaribia kuingia na dalili za mimba ya wiki nne zinatoka kwenye chungu kimoja, na P2 nayo ni homoni ya jamii hiyo hiyo, kwa hiyo inaweza kukuletea matiti kuuma na kichefuchefu. Hakuna mwanamke wala nesi anayeweza kuzitenganisha kwa kuzisikiliza tu. Kinachotofautisha ni siku: za hedhi zinaisha damu ikitoka, za P2 kichefuchefu chake ni cha siku moja mbili tu baada ya kumeza, za mimba zinaendelea na kuongezeka hedhi ikiwa imepita.

Kwa hesabu hiyo, hicho kichefuchefu chako cha wiki hii hakiwezi kuwa P2, dawa uliimeza siku 20 zilizopita imeshatoka mwilini zamani. Kuanza wiki ya tano na kuchukia harufu ya mafuta ya moto, hapo mimi nainamia upande wa mimba nakwambia ukweli. Kichefuchefu cha mimba kwa wengi kinaanza kati ya wiki ya 4 na ya 6, kinakuwa kikali wiki ya 9 hivi, kinapungua wiki ya 12 mpaka 16. Mwaka 2023 watafiti walionyesha kuwa homoni moja inaitwa GDF15, inayotoka kwa wingi kwenye kondo, ndo mhusika mkubwa, na mwanamke ambaye mwili wake haukuizoea kabla ya mimba ndo anaumwa zaidi. Kwa hiyo wale wanaosema unadeka hawajui wanachosema. Ukiamka kula kitu kikavu kidogo kabla hujainuka kitandani, mkate au muhogo wa kuchemsha, kunywa tangawizi, kula kidogo kidogo mara nyingi, na kama kuna mtu wa kukusaidia kukaanga hizi wiki chache mwachie karai wewe ubaki kwenye kuuza. Kama hakuna, toa jiko nje upande upepo unakopeleka moshi mbali na wewe.

Chuchu kuuma mtoto akinyonya ni dalili ambayo mama anayenyonyesha huwa anaiona mapema kuliko zote, ingawa inaweza pia kutokea siku mbili tatu kabla ya hedhi au mtoto akiwa anaota meno. Kukojoa mara kwa mara kunaanza mapema pia, watu wanadhani ni mtoto anakandamiza kibofu lakini wiki ya tano mtoto mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya harage, ni figo zinazopitisha damu nyingi zaidi zikachuja mkojo mwingi. Tumbo nalo kama linaonekana sasa ni gesi, mfuko wa uzazi unavuka mfupa wa kinena wiki ya 12 ndo mkono unaanza kuugusa.

Mama mkwe na shingo. Hawa mama zetu simdharau hata mmoja, kuna kitu wanakiona kweli. Mjamzito damu inaongezeka na moyo unapiga kwa kasi, kwa hiyo ule mshipa wa shingoni unaweza kudunda ukaonekana. Shida ni kwamba unadunda pia kwa mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye homa, aliyetoka kubeba ndoo ya maji, au mwembamba tu. Msikilize kwa heshima alafu pima.

Hilo joto la mwili sasa. Projesteroni inapandisha joto kama nusu digrii hivi, mtu anajisikia anachemka lakini kipimajoto hakifiki 38. Hiyo ndo "homa ya ndani" inayowapeleka wanawake wengi duka la dawa, na wanarudi na ALU na cipro bila kupimwa, inaniuma sana kwa kweli! Malaria inapimwa kwa tone la damu kidoleni na majibu yanatoka ndani ya robo saa au nusu saa. ALU uliyokwishameza usiiogope, Shirika la Afya Duniani tangu 2022 linapendekeza dawa hiyo hiyo kutibu malaria hata kwa mimba ya chini ya miezi mitatu. Lakini cipro usiianze. Hujaniambia mkojo unachoma wala una harufu wala maumivu ya kiuno, umeniambia unakojoa sana tu. Mkojo upimwe, na kama UTI ipo kweli itibiwe mana kwa mjamzito ikiachwa inapanda kwenye figo, ila kuna dawa nyingine zinazomfaa zaidi. Mpaka utakapojua jibu lako ishi kama mjamzito kwenye suala la dawa: maumivu tumia parasetamo, diklofenaki na ibuprofeni weka pembeni, na zile dawa za miti za kusafisha kizazi usiziguse kabisa, pombe pia kama unatumia.

Hili la kumbemenda mtoto naomba nilikalie kidogo, kwa sababu nimeona mama akimwachisha mtoto ziwa kwa siku moja, kapaka chuchu shubiri, mtoto analia usiku kucha, na baada ya mwezi mtoto kweli amekonda na watu wakasema mnaona, mimba imembemenda. Kilichomkondesha ni kunyang'anywa ziwa ghafla akabaki na uji mwepesi wa maji. Maziwa ya mama mwenye mimba hayaharibiki na hayana sumu, damu yako haiyachafui, na kunyonya hakumnyang'anyi chakula aliye tumboni kama wewe mwenyewe unakula. Kinachotokea ni kwamba mimba ikiendelea maziwa yanapungua na ladha inabadilika, yanakuwa na chumvi chumvi, watoto wengine wanaacha wenyewe wengine hata hawajali. Mtoto wako ana mwaka na miezi mitatu, chakula chake kikuu sasa ni cha kwenye sahani, mpe milo mitatu minne kwa siku: uji mzito wenye karanga au maziwa, yai, dagaa waliosagwa, maharage, parachichi, ndizi. Nyonyesha mpaka miaka miwili kama mwili wako unaruhusu. Ukitokwa damu au uliwahi kuzaa kabla ya wakati hapo ongea na mkunga wako kwanza. Na usisahau mtoto anaweza kukataa ziwa kwa sababu zake, vidonda vya mdomoni, mafua, meno, mwangalie mdomoni leo hii.

Tuseme kesho mistari ni miwili. Hapo huhitaji kipimo cha damu cha hCG, ni ghali zaidi na hakikuongezei kitu kama huna maumivu. Altrasaundi pia usiikimbilie, wiki ya tano inaweza kuonyesha kifuko kitupu au isionyeshe chochote, alafu unaambiwa "mimba haina mtoto" unalia wiki nzima bila sababu, mapigo ya moyo yanaanza kuonekana wiki ya 6 kwa kile kipimo cha ndani, na kwa kile cha juu ya tumbo kama wiki moja baadaye. Kama uko sawa tu subiri wiki ya 7 au ya 8. Ukiwa na maumivu au damu habari ni nyingine, altrasaundi ni siku hiyo hiyo.

Ukiona mstari mmoja kesho, rudia baada ya wiki moja. Ukibaki mmoja na hedhi hakuna, njoo kituoni tuangalie, mana kunyonyesha kwenyewe kunaweza kuvuruga siku, na mawazo, na kupungua uzito, na tezi ya shingo. Na wakati huo huo mwombe nesi njia ya uzazi wa mpango inayomfaa anayenyonyesha, kijiti au kitanzi, kwenye vituo vya serikali huduma ni bure. Kitanzi cha kopa hata baada ya kondomu kupasuka kinafanya kazi kuliko P2 kikiwekwa ndani ya siku tano, wengi hawajawahi kuambiwa.

Hujaniambia kama mimba mlikuwa mnaitaka, na kwa kuwa mlikuwa mnatumia kondomu nadhani hamkuipanga. Ni sawa kulia, ni sawa kuchanganyikiwa, tafuta mkunga au mshauri kituoni ukae naye faragha. Ila nakuomba kama mdogo wangu, usinunue vidonge vya kutoa mimba vya kichochoroni. Nje ya damu nyingi na maambukizi, kuna mimba inayotunga nje ya kizazi, kwenye mrija, inapata kama moja mpaka mbili kati ya mimba 100. Hiyo vidonge haviitoi, damu itatoka utadhani yameisha kumbe ndani mrija unaendelea kutanuka.

Dalili zake zishike. Maumivu makali chini ya kitovu hasa upande mmoja, maumivu kwenye ncha ya bega, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, jasho la baridi, hata kama damu ya nje ni kidogo au haipo na hata kama kipimo kilisoma mstari mmoja. Hapo ni hospitali yenye upasuaji muda huo huo, usiku au mchana, usianzie duka la dawa. P2 haijaonekana kuongeza hatari hiyo kuliko mimba nyingine, nakuambia tu kwa sababu kila mwanamke anatakiwa kujua. Damu ikijaza pedi ndani ya saa moja, homa ya 38 kwenda juu, au unatapika mpaka maji hayakai na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi, nenda pia.

Kitu kimoja usikisubirishe mpaka kliniki ni foliki asidi. Mrija unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unafunga kwenye wiki ya 6 hivi kwa hesabu ya kuanzia hedhi, na wewe leo ni wiki ya 5 kamili, kwa hiyo muda uliobaki ni siku chache. Kanunue ya mikrogramu 400 uanze leo kidonge kimoja kwa siku, kama mimba haipo haikudhuru. Kliniki watakupa FEFO ambayo ina madini ya chuma na foliki asidi pamoja, ikikuchefua meza usiku baada ya kula. Hudhurio la kwanza lisipite wiki ya 12, yani una wiki saba kuanzia leo, ila nenda mapema mpimwe wewe na mwenzio VVU na kaswende, wewe wakuangalie damu, presha, mkojo na malaria. Mbebe na mtoto na kadi yake apimwe uzito siku hiyo hiyo. Wakikuuliza mara ya mwisho uliingia lini sema tarehe 2, alafu uwaeleze pia ile damu ya tarehe 26 na P2 bila kuficha, waandike kwenye kadi yako.